Daftari la Joto la Ghorofa ya Nne

Mwezi wa Rajabu uliopita nilimwosha rafiki yangu Sudi kwa mikono yangu. Nilikuwa nimekwenda Ujiji kumjulia hali baada ya kusikia kwamba figo zimemchoka, nikamkuta amebakiza siku tatu, na Mwenyezi Mungu akanijalia kuwapo. Nilimmwagia maji kwa upole kama anayeogesha mtoto, nikamkafini, tukamswalia, tukamzika alasiri. Baada ya khitma, binti yake mkubwa, Mwajuma, alinikalisha mkekani akasema, "Baba mdogo, marehemu hakuchoka kutuambia kwamba wewe ndiye uliyemwokoa kule Uchina. Hebu tusimulie na sisi." Nikawasimulia, na watu wakaitikia kwa takbira, na mama mmoja akanibusu mkono. Lakini niliwasimulia nusu. Usiku ule nilipolala sikupata raha, maana mtu akisifiwa kwa nusu ya jambo, ile nusu nyingine hukaa moyoni kama mwiba wa samaki. Ndiyo naiandika hapa.

Mwaka ulikuwa 2003, na mji ulikuwa Guangzhou. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, ujana wangu wa mwisho mwisho, nikisoma uhandisi wa maji kwa ufadhili wa serikali. Kabla ya hapo nilikuwa nimesomesha Kurani kwa miaka saba, basi wanafunzi wenzangu, Waislamu kwa Wakristo, waliniita Ustadhi, na jina lile lilikuwa heshima na pia mzigo. Tulikaa ghorofa ya nne ya bweni la wageni, vyumba kumi na tisa, jiko moja mwisho wa ukumbi, na dirisha la jikoni likitazama uzio wa chuo. Mji wakati ule ulikuwa ukijengwa usiku na mchana. Ukiamka unakuta ghorofa limeongezeka kimo mahali ambapo jana uliliona jua. Siku za Jumapili tulikwenda mtaa wa Huanshi Zhonglu, ambako wafanyabiashara wa kwetu walikuwa wameanza kupanga vyumba, tukala kwa Mama Béa. Huyu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mnene, mcha Mungu katika kanisa lake, aliyenunua mikoba mji wa Shiling na nguo soko la Shahe na kuzituma kwao kwa makontena. Alikuwa na jiko dogo la gesi kando ya kitanda. Alipika matembele, ambayo Wachina wa kule huyauza sokoni mafungu mafungu bila kujua kwamba wanatuuzia nyumbani kwetu, akayatia samaki mkavu na ugali wa unga wa njano, na tulikula kwenye sinia moja tukigonganisha mikono.

Kisha ukaja ugonjwa wa mapafu, ule ambao dunia baadaye iliuita SARS. Mwanzoni ilikuwa minong'ono tu. Siki ilipotea madukani kwa siku moja, kwa kuwa watu waliamini kwamba mvuke wake unaua ugonjwa, na bweni zima likanuka kachumbari. Shangazi wa mapokezi, kama tulivyomwita mama wa mlangoni, aliweka sufuria la siki kwenye kila ghorofa, likichemka toka asubuhi, nasi tukapita tukifumba macho. Kufikia Aprili mambo yalikuwa na utaratibu. Malango ya chuo yalifungwa, chakula cha kantini kikagawiwa kwenye vibweta, na kila ghorofa ikapewa daftari, vipimajoto sita vya zebaki na chupa ya spiriti. Asubuhi na jioni kila mtu apimwe kwapani kwa dakika tano, joto lake liandikwe. Atakayefika thelathini na nane achukuliwe na gari hadi wodi ya homa, na ghorofa yake ifungwe siku kumi na nne, asiingie mtu wala kutoka. Wenzangu walipoulizwa ni nani ashike daftari la ghorofa ya nne hawakufikiri hata kidogo. "Ustadhi," walisema kwa pamoja. "Huyo hasemi uongo."

Aliyekuja kila siku saa kumi na moja jioni kusoma daftari na kutia sahihi alikuwa Daktari Luo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye mvi zilizokatwa usawa wa masikio. Alikuwa amekwisha kustaafu, kituo cha afya cha mtaa kikamrudisha kazini kwa shida ya wakati ule. Alikuwa na mabweni matano na majengo sijui mangapi ya wakazi, na alipanda ngazi zote kwa miguu kwa kuwa, alisema, lifti ni sanduku la pumzi za watu. Alinifundisha kukung'uta kipimajoto kwa mkono uliolegea, kukisoma nikiwa nimesimama upande wa dirisha, na kutoandika kamwe nambari ya mtu ambaye hajainua kwapa mbele yangu. "Mimi siwezi kuwa kila mahali," aliniambia siku ya kwanza, akisema polepole ili nimfuate. "Jicho langu hapa ni wewe." Nilifurahi. Nilirudi chumbani nikiwa na hisia kwamba nimepewa amana kubwa kuliko ile ya msikitini.

Sudi, niliyekaa naye chumba cha saba, alikuwa mtu wa mzaha, msomi wa hesabu, mwenye sauti ya kuchekesha hata akiadhini. Machi alikwenda kwao kumuuguza mama yake, akamzika. Aliporudi walimtenga siku kumi katika chumba cha chini kama walivyotengwa wote waliotoka safari, akatoka mzima, akapanda juu akisema, "Nimehakikishiwa na serikali, nina muhuri." Siku mbili baadaye, Jumatatu jioni, alikaa kitandani akiwa amejifunika blanketi mbili, na hali ya hewa ya Guangzhou mwezi ule ni kama kukaa ndani ya chungu cha mvuke. Nilimtia kipimajoto kwapani. Kilipotoka, kilisoma thelathini na nane nukta tisa.

"Usinitazame hivyo," alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Ni malaria tu. Nimetoka Kigoma, Ustadhi. Unadhani ningeleta nini, dagaa?"

Nilijua ni malaria. Tumezaliwa nayo, tumefanya nayo mitihani. Na hapo ndipo palipokuwa na kosa letu, kosa ambalo Mchina hawezi kulifanya kwa kuwa yeye neno lile lingemtisha. Sisi tulisema malaria *tu*. Nikajiambia kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa pumzi, basi nikiandika nambari nyingine simdhuru yeyote. Sudi alikuwa na vidonge vyake vitatu vya malaria, vile vya SP, kutoka nyumbani, akavimeza. Dawa nyingine isingepatikana, maana maduka ya dawa yalikuwa yakiandika jina la kila anayenunua cha kushusha homa. Njoroge, Mkenya wa chumba cha jirani aliyekuwa akisubiri kutetea tasnifu yake, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, amesikia kila kitu. "Buda," alisema kwa sauti ya chini, "hiyo usiiandike. Defence yangu ni Ijumaa. Wakifunga hii ghorofa, mimi nimeisha. Miaka mitatu, Ustadhi. Fikiria."

Lakini si Njoroge aliyenishinda. Aliyenishinda ni Sudi, alipojifunua uso akaacha mzaha. "Wakinipeleka wodi ile nitalazwa na wenye ugonjwa wenyewe. Nitaupata huko. Na ukifa nao, umesikia wanavyofanya? Hawakuoshi. Hawamwiti mtu. Wanakuchoma." Akanishika mkono, mkono wake ukiwa wa moto kama kikaango. "Mimi sitaki kuchomwa, Ustadhi. Mama yangu nimemzika juzi kwa mikono yangu. Na mimi nizikwe."

Niliandika thelathini na sita nukta nane. Daktari Luo alipokuja kesho yake alipitisha kidole kwenye safu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia sahihi.

Jumanne asubuhi homa ilishuka, tukamshukuru Mungu, nami nikaandika ile ile nukta nane. Sudi alikunywa uji, akamwiga shangazi wa mapokezi mpaka Njoroge akapaliwa na chai. Jioni ikapanda tena, kali kuliko ya kwanza, akatapika vidonge na uji na maji. Niliandika tena thelathini na sita nukta nane. Jumatano asubuhi nikaandika nukta saba, ili nambari zisifanane mno, na hilo ndilo ninaloona haya nalo zaidi hadi leo. Uongo wa Jumatatu niliusema kwa hofu. Ule wa Jumatano niliupamba. Niliswali adhuhuri na sikumbuki nilisoma sura gani.

Jumatano hiyo saa kumi, Mama Béa alikuja kwenye uzio kama alivyozoea kila wiki tangu malango yafungwe, akapitisha kwenye vyuma mifuko ya chakula bado cha moto. Askari wa lango alimgombeza kwa Kikantoni, yeye akamgombeza kwa Kifaransa, kisha wote wawili wakaridhika.

"Na Sudi mwenye alirudi, iko wapi leo?" aliniuliza. "Kwangu kila siku ndiye anakimbilia ile sinia ya samaki."

"Ana mafua, mama."

Alinitazama. "Mafua. Anakula?"

"Anatapika kidogo."

"Anakojoa namna gani? Rangi gani?"

Sikuwa nimelifikiria. Nikakumbuka kopo tulilomwekea kando ya kitanda. "Kama chai ya rangi," nikasema. "Na tangu mchana anaongea na mama yake."

"Mama yake si alikufa?"

Mama Béa alishika vyuma vya uzio kwa mikono miwili, na sauti iliyotoka pale ilimfanya hata askari ageuke. "Papa, ile ni palu, malaria! Palu imepanda ku kichwa! Kwetu batoto banakufa nayo kila siku, siku moja, mbili, bamekwisha! Na nyinyi batu ya masomo munakaa naye mu chumba munamuangalia? Munaogopa nini?"

"Anaogopa watamchoma," nikasema. "Akifa."

"Akifa!" Alipiga kifua chake. "Weye Ustadh unapanga maziko ya mutu mwenye angali muzima! Enda uite ule docteur. Enda, papa. Enda sasa."

Nimesoma vitabu vingi vya dini kwa wanazuoni wakubwa, lakini sijapata kusahihishwa kwa haki namna ile. Nilikuwa nimeshughulika na mwili wa Sudi baada ya kifo kiasi cha kusahau kwamba roho yake bado imo.

Niliweka mifuko chini nikapanda ngazi. Daktari Luo alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye kiti cha ukumbini na daftari mapajani, kalamu imefunguliwa. Njoroge na wengine watatu walikuwa jikoni. Nilisema kwa Kichina changu kibovu, nikiwa nimesimama kama mtoto mbele ya mwalimu, kwamba Sudi wa chumba cha saba ana homa kali, kwamba ni malaria, kwamba alitoka kwao ambako malaria ni nyingi, na kwamba sasa hatambui watu.

Alitazama daftari. Alipitisha kidole mpaka jina la Sudi, kisha kando yake, nambari moja, ya pili, ya tatu, ya nne. "Nambari hizi aliandika nani?"

"Mimi."

"Ulizisoma?"

"Nilisoma nyingine, nikaandika hizi."

Nyuma yangu nilimsikia Njoroge akivuta pumzi. Daktari Luo hakupandisha sauti. "Jana ulinipa thelathini na sita nukta nane," alisema. "Leo unanipa malaria. Mimi nichukue lipi?"

Hilo ndilo swali ambalo sikuwasimulia watoto wa Sudi. Nilikuwa na ukweli mmoja tu wa kumwokoa rafiki yangu, na nilikuwa nimekwisha kuuharibu kwa mkono wangu. Kama hangeniamini, Sudi angepelekwa wodi ya homa, angetibiwa mapafu, na malaria ingemmaliza hapo hapo kitandani wakati watu wema wakimpigania kwa dawa isiyo yake.

"Chukua la leo," nilisema. "Yale mengine niliandika kwa sababu tuliogopa. Hili nalisema nikiwa bado naogopa."

Alilifunga daftari. Kisha akainuka, akavaa glavu na barakoa ya pili, akaingia chumba cha saba. Nilisimama mlangoni. Alimfunua Sudi jicho, akamtazama rangi ya ndani ya kope. Akabonyeza chini ya mbavu za kushoto, penye bandama, kwa ncha za vidole, taratibu, na Sudi aliyekuwa hatambui mtu akaguna. Mara mikono ya yule mama ikabadilika, ikawa kama mikono ya fundi aliyeshika kitu anachokijua. "Nilipokuwa msichana," alisema bila kugeuka, "walinituma vijijini, kisiwa cha kusini, miaka minne. Nilizika wengi kwa ugonjwa huu." Akauliza, "Alitua lini hapa?" Nikamwambia siku. Akahesabu kwa vidole. "Siku kumi tulizomtenga zilikuwa chache kwa ugonjwa huu," alisema. "Hatukuwa tukiutafuta."

Alipiga simu akiwa ukumbini. Ofisi ya kudhibiti magonjwa ya wilaya ilikuwa upande wa pili, na sauti ya mwanamume ilisikika ikipiga kelele mpaka akaiweka simu mbali na sikio. Kikantoni changu kilikuwa kidogo, lakini nilishika vipande. Hapana, si wodi ya homa. Chumba cha peke yake. Tone la damu, na darubini. Mtafute mzee yeyote anayekumbuka kijidudu cha malaria kinavyoonekana. Ndiyo, mimi ndiye nitakayejibu. Gari lilipofika, watu walishuka wamevaa nguo nyeupe za mwili mzima, na yeye akaletewa yake, iliyomzidi kimo. Alipokuwa akikunja mikono ya nguo aliniambia, "Nitapanda naye garini. Kama umenidanganya tena, hatuponi mimi na yeye." Akashuka ngazi akiburuza miguu ya suruali, na sikuwahi kumwomba Mwenyezi Mungu kama nilivyomwomba nikitazama kisogo kile.

Tone la damu lilionyesha malaria, nyingi. Walimdunga dawa ambayo wanasayansi wa nchi ile ile waliitoa kwenye mmea wao, na siku ya tatu Sudi aliomba pilipili, wakajua amerudi. Hayo tuliambiwa kwa simu, kwa kuwa ghorofa yetu ilifungwa siku zote kumi na nne. Wakubwa wa wilaya hawakutaka kubahatisha, na sasa nikiwa mtu mzima siwalaumu. Ijumaa ya Njoroge ilipita akiwa dirishani. Hakunitukana mbele yangu. Nilimsikia nikiwa ukumbini, naye jikoni, kijiko kikigonga sufuria: "Ustadhi gani huyu? Siku mbili mwongo, siku ya tatu mchongezi. Angechagua moja." Wenzake walicheka. Nilipoingia wakala haraka haraka, wakanibakishia nafasi kubwa mezani kuliko aliyohitaji mtu mmoja. Baada ya mara ya pili niliacha kwenda jikoni. Njoroge alitetea kazi yake miezi mitatu baadaye, akafaulu, na mwaka huu aliponipigia kunipa pole ya Sudi tulilia wote wawili kwenye simu. Lakini wiki ile nilikuwa peke yangu, na nadhani ilinifaa.

Siku ya tano ya kufungwa, alasiri, Daktari Luo aligonga mlango wangu. Alikuwa na daftari. Wakaguzi wa wilaya wangekuja kesho yake kulichukua. Nilikuwa nimewaza jambo hilo siku nyingi, nikamwambia lililokuwa moyoni: kwamba sahihi yake iko chini ya uongo wangu, na ataonekana hakuangalia. Ukurasa ule ungeweza kuchanwa. Mimi ningenakili mwingine upya, Mungu anisamehe, kwa ajili yake.

"Ukichana," alisema, "atakayesoma baada yetu ataona mtu mzima Jumatatu, mzima Jumanne, halafu Jumatano hajitambui. Atadhani ndivyo malaria inavyoanza. Akimwona mgonjwa mwingine wa siku ya kwanza, atamwacha." Akalifungua mezani, akanipa kalamu. "Piga mstari mmoja, isomeke bado ulichoandika. Kando yake andika ulichosoma. Unazikumbuka?"

Nilizikumbuka. Nazikumbuka leo. Alisoma siku, nami nikajibu. Jumatatu jioni? Thelathini na nane nukta tisa. Jumanne asubuhi? Thelathini na saba nukta nne. Jumanne jioni? Thelathini na tisa nukta sita. Jumatano asubuhi? Thelathini na tisa nukta mbili. Niliandika jina langu kando ya kila moja, na yeye, bila kuombwa, akaandika lake kando ya langu, na chini kabisa mstari mmoja kwa Kichina. Niliusoma kwa shida: *Nilitia sahihi bila kupima mwenyewe.* Kabla joto la Agosti halijapungua alikuwa amerudishwa kwenye kustaafu kwake. Sikupata kujua kama ni kwa mstari ule au ni kwa kuwa shida ilikwisha, na kwa miaka ishirini na zaidi nimemtaja katika dua zangu pamoja na wazazi wangu.

Alifunga kalamu, akalitia daftari mkobani. Mlangoni akageuka akaniuliza kama nimekula. Ni salamu yao ya kila siku, na tangu nifike nchi ile nilikuwa nikiijibu kama wanavyoijibu wote, nimekula, ahsante, hata tumbo likiwa tupu.

"Bado," nilimwambia. "Tangu jana mchana."